Saratani ya titi: Ukiwahi, ngozi yaweza kuokolewa

Wanawake wengi wa Kitale na Bungoma wakigusa uvimbe kwenye titi hunyamaza miezi mingi kwa kuogopa kukatwa. Kumbe kuchelewa huko ndiko kunakowapunguzia njia za matibabu.

Mwaka 1991, madaktari Toth na Lappert wa Marekani walieleza upasuaji unaookoa ngozi ya titi. Nyama ya ndani huondolewa pamoja na chuchu, kisha ngozi huachwa kama mfuko. Hujazwa nyama na mafuta ya tumboni au mgongoni, au silikoni. Titi hilo halinyonyeshi, na hisia zake hupungua sana, lakini umbo hubaki.

Je, ngozi iliyoachwa itarudisha saratani? Kwa mgonjwa aliyechaguliwa vyema, hatari haizidi ya aliyekatwa titi pamoja na ngozi. Lakini saratani ikishaingia kwenye ngozi, njia hii haifai tena.

Si kila hospitali inayoweza kazi hii, kwani humhitaji pia mpasuaji wa kurekebisha maumbile. Kabla ya kutia sahihi, mwulize daktari wako: "Je, ngozi yangu yaweza kuachwa? Nipelekwe wapi?" Hospitali kuu ya rufaa ya eneo letu ni ile ya Moi, Eldoret.

Mama, ukihisi uvimbe, ukiona ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, au chuchu ikitoa damu, nenda ukapimwe wiki hii. Usingoje maumivu, mara nyingi uvimbe wa saratani hauumi mwanzoni.