Kabla ya Kununua Betri Nyingine: Kutafuta Hitilafu ya Umeme kwenye Gari la Parishi na Viti vya Umeme



Katika toleo hili tumeona vema tuandike juu ya jambo linalokula fedha za parishi kimyakimya, nalo ni betri. Gari likishindwa kuwaka asubuhi, kikao kinaitwa, fedha za sadaka ya mavuno zinatolewa, mtu anatumwa Manyoni au Dodoma kununua betri mpya, na gari linawaka. Baada ya miezi michache linagoma tena, na kikao kinaitwa tena. Mara nyingi betri ya kwanza haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa haichajiwi na alteneta, au inanyonywa usiku gari likiwa limelala, au waya wake umelegea. Betri mpya ikiwekwa mahali pale pale inapatwa na yale yale.

Hapa Kilimatinde suala hili si la bajeti tu. Gari la parishi ndilo linaloitwa mama mjamzito anapozidiwa usiku katika kijiji cha mbali, ili afikishwe Hospitali ya Mtakatifu Yohana. Ni vigumu kusukuma gari kwenye mawe ya mteremko wa Bonde la Ufa saa nane za usiku.

Kazi ya kwanza ya kutafuta hitilafu haihitaji fundi. Inahitaji mita ya umeme, ile yenye waya mwekundu na mweusi, inayouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme na redio. Bei ya mita ya kawaida ni sehemu ndogo tu ya bei ya betri moja ya gari. Tunaona kila parishi yenye gari, pikipiki au sola ingekuwa nayo, na dereva pamoja na mjumbe mmoja wa kamati wajue kuitumia. Wawe wawili, kwa sababu dereva huhama.

Mita iwekwe kwenye volti za umeme wa betri (alama ya V yenye mstari ulionyooka), kipimo cha 20. Waya mwekundu uguse kichwa cha chanya, mweusi kichwa cha hasi. Magari mengine ya dizeli yana betri mbili zilizounganishwa kutoa volti 24. Hapo pimeni kila betri peke yake.

Kipimo cha kwanza ni cha asubuhi, kabla gari halijawashwa. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, na ikishuka chini ya 12.0 imekaribia kwisha. Ikisoma karibu na 10.5 hata baada ya kuchajiwa, huenda chumba kimoja kati ya vyumba vyake sita kimekufa, na hapo ni haki kununua nyingine.

Kipimo cha pili hufanywa mtu mwingine akipiga stata. Namba itashuka, hilo ni la kawaida, lakini isishuke chini ya 9.6 hivi. Betri iliyosoma 12.6 asubuhi kisha ikaanguka hadi 7 au 8 stata inapozunguka ni betri iliyochoka, ingawa kwa nje inaonekana nzima. Namba isiposhuka kabisa na stata ikawa kimya, basi umeme haufiki kwenye stata, na kosa litafutwe kwenye waya, swichi au stata yenyewe. Hata betri ya shilingi laki tatu haitasaidia hapo.

Kipimo cha tatu ndicho kinachosahaulika zaidi. Gari likiwa linanguruma, pimeni tena palepale kwenye betri. Alteneta nzima itaonyesha kati ya volti 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kidogo, betri haichajiwi. Angalieni kwanza mkanda wa feni kama umelegea, ndipo mfungue alteneta. Ikizidi 15 inachajiwa kupita kiasi, na maji yake yatakauka upesi.

Hapa tunaomba tuseme wazi juu ya desturi moja ya gereji zetu. Wako mafundi wanaojaribu alteneta kwa kung'oa kichwa kimoja cha betri wakati injini inanguruma, wakisema gari lisipozima basi alteneta ni nzima. Jambo hili laweza kuunguza alteneta pamoja na vifaa vya kielektroniki vya gari. Dereva wa parishi asikubali. Wala asikubali fyuzi iliyokatika kuzibwa kwa waya au karatasi ya sigara, kwa maana fyuzi hukatika ili waya zisiwake moto.

Vichwa vya betri navyo vina lawama kubwa. Vumbi letu, joto na mtikisiko wa barabara hulegeza kifungo na kuacha unga mweupe au wa kijani. Stata ikilia tik-tik tu huku betri imejaa, anzeni hapo. Gusisheni waya mmoja wa mita kwenye kichwa chenyewe cha betri na mwingine kwenye kifungo kilichokishika, kisha stata ipigwe. Kama mita inasoma nusu volti au zaidi, umeme unapotelea kwenye uchafu huo. Fungueni waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, safisheni kwa maji ya moto yenye magadi kidogo bila kuyaingiza ndani ya betri, kausheni, kaza, paka grisi. Wakati wa kurudisha, hasi iwe ya mwisho. Waya unaotoka kwenye hasi kwenda kwenye bodi ya gari nao ukaguliwe, maana mara nyingi hushikwa na kutu upande wa pili usioonekana.

Juu ya maji: betri yenye vifuniko iongezwe maji ya betri, yaani yaliyosafishwa, na si asidi. Maji ya kisima yana chumvi inayoharibu sahani za ndani. Msivute sigara wala kumulika kwa kibatari. Betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka.

Inabaki hitilafu ya wizi wa usiku, ambayo huyapata zaidi magari yetu kwa sababu hukaa siku kadhaa bila safari. Vipimo vyote vitatu ni vizuri, lakini baada ya siku nne gari haliwaki. Zimeni kila kitu, fungeni milango, mtoe waya wa hasi. Hamisheni waya mwekundu wa mita kwenye tundu la ampea 10, mgeuze mita kwenye ampea 10 za umeme wa betri, kisha mita iunganishwe kati ya waya huo wa hasi na kichwa cha betri. Hali ya kawaida ni takriban ampea 0.05 au pungufu. Ikisoma 0.5, betri ya saa-ampea 70 itakauka ndani ya siku sita, na stata itagoma mapema zaidi. Chomoeni fyuzi moja moja. Ile inayoishusha namba ndiyo yenye mwizi. Mara nyingi ni redio iliyofungwa vibaya, chaja ya simu au taa ya ndani isiyozimika. Angalizo: msipige stata mita ikiwa imefungwa hivyo, itaungua.

Kanuni hizo hizo zinafaa kwa viti vya umeme na skuta za watu wenye ulemavu ambazo marafiki wa nje hututumia. Vyombo hivi kwa kawaida hutumia betri mbili za volti 12 zilizofuatana, hivyo kipimo cha 20 hakitoshi, wekeni 200. Zikijaa husoma kama 25.5. Lakini kabla ya mita, angalieni mambo mawili: chaja isiwe imechomekwa, kwa kuwa vingi havitembei vikichajiwa, na mkono wa kuachia magurudumu uwe umerudishwa, kwa kuwa msukumaji huuachia akasahau. Taa ikimetameta kwenye usukani au kijiti cha kuendeshea, hesabuni mimeto. Idadi yake ni ujumbe unaoelezwa katika kitabu cha chombo. Kikitembea hatua chache na kuzima, pimeni kila betri peke yake mtu akiwa ameketi na kujaribu kwenda. Ile inayoanguka ndiyo mbovu, ila ni heri zibadilishwe zote mbili, maana ya zamani huivuta mpya chini.

Kwa wafadhili wetu, tunawashukuru sana, na tunaomba mambo mawili. Betri za asidi zikikaa miezi mingi bila chaji, melini au ghalani, hufa kabla ya kumfikia mlengwa. Vilevile umeme wa Tanzania ni volti 230, na chaja ya Marekani iliyotengenezwa kwa volti 120 pekee huungua siku ya kwanza. Tafadhali someni kibandiko cha chaja kabla ya kufunga sanduku. Na kwa mlengwa ambaye nyumba yake haina umeme, na njia yake ni mchanga, baiskeli ya magurudumu matatu ya kuendeshwa kwa mikono itamfaa zaidi kuliko skuta.

Kwa upande wa kamati, ombi la fedha za betri lije na vipimo vitatu vilivyoandikwa kwenye daftari la gari, pamoja na tarehe na jina la aliyepima.