Maradhi Yasiyo na Rangi

Aghalabu mtu huenda hospitali kwa nia njema ya kumtolea damu nduguye anayengoja kupasuliwa, naye mwenyewe ni mzima, anakula na kulala, hana homa wala uchovu; akisha kupimwa, huitwa faraghani na kuambiwa kuwa damu yake haifai, kwa kuwa mna virusi vya homa ya ini ya aina ya B. Naye kwa mshangao huuliza: mbona macho yangu hayana umanjano?

Katika swali hilo ndimo limo kosa letu la siku nyingi, la kuyatambua maradhi haya kwa rangi. Hata neno safura, ambalo siku hizi hutajwa kwa upungufu wa damu uletwao na minyoo, asili yake ni Kiarabu, na maana yake yahusu umanjano. Tena wapo waichanganyao homa ya ini na homa ya manjano, ilhali hii ya pili huenezwa na mbu, nayo ni maradhi mbali. Macho ya manjano na mkojo mweusi ni alama kwamba ini limeelemewa. Walakini virusi vya B na C huweza kukaa mwilini miaka 20 au 30 pasipo alama yoyote, vikilitia ini makovu kidogo kidogo, hata siku tumbo linapojaa maji, pengine saratani imekwisha kuota.

Aina za homa ya ini ni tano. A na E huingia kwa maji na chakula kilichopatwa na uchafu wa choo, na kwa wengi hupoa zenyewe, ingawa E ni hatari kubwa kwa mjamzito. D haimshiki mtu ila awe na B. B na C hupita katika damu, kwa wembe wa kinyozi, kisu cha jando au sindano iliyokwisha kutumika. Na B hupita pia kwa jimai, na kwa mama kumwambukiza mwanawe wakati wa kuzaliwa. Katika sinia ya wali B na C hazipiti, wala katika kupeana mikono, na kumtengea mgonjwa sahani na kikombe chake peke yake ni dhuluma tupu, tena isiyomkinga mtu yeyote.

Kipimo cha B ni damu kidogo tu, hutafutwa ndani yake ile alama ambayo Baruch Blumberg wa Marekani aliigundua katika miaka ya 1960 katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Ikionekana tena baada ya miezi 6, maradhi yamekuwa sugu. C siku hizi huponywa kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12. B hudhibitiwa tu, lakini ina chanjo, ambayo C haina.

Na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mtu mzima akiambukizwa B, kwa kawaida mwili wake huishinda. Watoto wachanga wakiambukizwa, 9 katika 10 hubaki nayo maisha. Nchi nyingi za Afrika bado huanza chanjo hii mtoto atimizapo wiki 6, ilhali Shirika la Afya Duniani lahimiza sindano ya kwanza ichomwe ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Mama aliyekwisha kupimwa katika ujauzito huweza kumwambia mkunga mapema, sindano ikawa tayari kabla uchungu haujaanza.