Batri ya gari ikifa: namna ya kuchagua mpya na kuifunga sisi wenyewe

Ndugu wakulima, tunajua mutashangaa. Katika gazeti hili tumezoea kuongea juu ya mbegu, mistari na magonjwa ya muhogo. Safari hii tunaongea juu ya batri ya gari. Sababu ni moja: nyanya na maharagi mulizolima vizuri hazileti feza kama gari ya koperative haiwaki siku ya soko.

Msimu uliopita tulikuwa Bogoro kwa mafunzo. Saa kumi na moja asubuhi pick-up ilikuwa imejaa makreti ya nyanya, tayari kwenda Bunia. Shofere akazungusha ufunguo: tik, tik, basi. Vijana wakasukuma mpaka wakachoka. Gari ilipowaka jua lilikuwa juu, na tulipofika soko wanunuzi wakubwa walikuwa wameshaondoka. Bei ikaanguka.

Tulipouliza tukakuta kwamba batri ile ilikuwa inawasha taa ya depo kila usiku na kuchaji simu za watu. Na sisi pia tuko na kosa: jioni ya mbele yake tulikuwa tumeunganisha projekta yetu ya mafunzo kwenye batri ileile.

Kwanza: hakika ni batri?

Komite nyingi zinatoa feza kwenye kese haraka, kumbe ugonjwa uko kwingine. Mbele ya kununua:

- Angalia vichwa vya batri. Kama kuna unga mweupe au wa kijani, safisha, kaza, jaribu tena.
- Acha gari ilale usiku mzima, kisha pima kwa multimetri. Batri nzima inaonyesha karibu volti 12,6. Ikiwa 12,2, imebakia nusu. Chini ya 12, imeisha.
- Washa injini, pima tena. Inapaswa kuonyesha kati ya 13,8 na 14,4. Ikibakia 12, batri haipokei moto: angalia mkanda na alternateri. Ukiweka batri mpya hapo, nayo itakufa.

Ikiwa umeichaji vizuri na kesho yake imeshuka tena bila kutumiwa, hapo ndiyo imezeeka.

Pili: kuchagua

Peleka batri ya zamani sokoni, au andika yote yaliyo juu yake. Linganisha mambo haya:

- Volti. Pick-up nyingi ni 12. Kamio nyingi ni 24, zenye batri mbili za 12 zilizofungwa pamoja.
- Nguvu. Angalia Ah na ampea za kuwashia (A). Usishuke chini ya ile ya zamani. Injini ya dizeli ni nzito kuzungusha, inaomba nguvu nyingi kuliko ya esansi.
- Kipimo na upande wa vichwa. Pima urefu, upana na kimo. Kwenye batri za namna ya Japani, herufi ya mwisho ni L au R. Chukua herufi ileile. Upande ukigeuka, kamba hazitafika.
- Umri. Tafuta tarehe iliyopigwa juu yake. Batri iliyokaa dukani miezi mingi bila kuchajiwa imeshaanza kuharibika. Omba ipimwe mbele yako.
- Kazi yake. Batri ya sola si ya kuwasha gari, na ya gari si ya kuwasha taa usiku kucha.

Waende watu wawili wa komite, na muombe karatasi ya garanti yenye tarehe.

Tatu: kufunga

Vaa glavu za mpira, vua pete na saa ya chuma. Usivute sigara: batri inatoa gesi inayoweza kulipuka. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi angalau dakika 15, kisha nenda kituo cha afya.

1. Zima injini, ondoa ufunguo.
2. Fungua kwanza kamba ya kutoa (−), kisha ya kujumlisha (+). Ukianza na (+) na funguo ya chuma ikagusa bodi ya gari, moto utaruka.
3. Toa chuma kinachoishika, inua batri ikiwa wima.
4. Safisha kitako na vichwa vya kamba kwa maji yenye bikarbonate, kausha.
5. Weka batri mpya, ifunge kwa chuma chake. Kamba ya mpira haitoshi kwa barabara ya kwenda Kasenyi: batri inayorukaruka inavunjika ndani.
6. Sasa geuza: funga (+) kwanza, (−) mwisho. Kichwa cha (+) ndicho kinene.
7. Kaza kwa mkono wa kiasi, usigonge kwa nyundo. Paka vaselini kidogo.

Nne: kuichunga

Kama iko na vifuniko vya kufungua, angalia maji kila mwezi. Ongeza maji ya batri tu, mpaka yafunike sahani za ndani. Usiongeze asidi, wala maji ya kisima. Na kwa depo, mutafute batri ya sola na paneli yake. Taa na simu zibakie huko.

Batri ya zamani

Ndani mna risasi na asidi. Irudishe kwa muuzaji. Wengine wanapunguza bei. Usimwage asidi shambani wala karibu na maji. Usikubali mtu aivunje na kuyeyusha risasi nyumbani, hata kwa uzito wa nyavu: moshi na vumbi vyake vinaharibu ubongo wa watoto.

Shofere mmoja akijua kazi hii, koperative iko na fundi mmoja. Mufundishe watatu, kisha muandike kwenye daftari tarehe ya kununua na volti za kila mwezi. Nyanya haingojei.