Bangili ya Utambulisho wa Ugonjwa: Jinsi ya Kuichagua na Maneno Yanayostahili Kuandikwa

Mtu anayeishi na kisukari na anayejichoma sindano ya insulini, akichelewa kula siku ya mnada, sukari yake ya damu hushuka. Hutokwa jasho, hutetemeka, ulimi huwa mzito, naye huanza kujibu watu kwa ukali au kwa maneno yasiyo na mpangilio. Asiyemfahamu hudhani amelewa. Wapita njia humwacha alale chini ya mti hadi pombe imtoke, ilhali anachohitaji ni soda au chai yenye sukari nyingi, tena mapema, kabla hajapoteza fahamu. Wakati huo yeye mwenyewe hawezi tena kujieleza. Lazima kiwepo kitu kingine cha kusema kwa niaba yake.

Kitu hicho chaweza kuwa bangili, kidani au kadi yenye maandishi machache yanayotaja ugonjwa wa mvaaji. Katika nchi nyingine vifaa hivi vimezoeleka. Kwa wakazi wengi wa Zagayu na vijiji vya jirani bado ni vigeni, na wanaovitafuta huanza na swali la bei au la urembo. Swali linalopaswa kutangulia ni hili: ni nani atakayeyasoma maandishi hayo kwanza?

Chanzo cha bangili hizi kinasaidia kulielewa swali hilo. Mwaka 1953, katika mji mdogo wa Turlock, jimbo la California nchini Marekani, binti wa daktari Marion Collins alijikata kidole. Hospitalini alipewa kipimo kidogo cha kinga ya pepopunda ili kuona kama mwili wake ungeipokea. Mwili ulikikataa kipimo hicho kwa nguvu, na binti akakaribia kufa. Baada ya hapo wazazi wake walianza kumwandikia karatasi ya tahadhari ili yeyote atakayemtibu ajue. Bangili ya fedha iliyochongwa maneno ilifuata baadaye, na mwaka 1956 familia hiyo ikaanzisha shirika la MedicAlert, ambalo mtindo wake umeigwa katika nchi nyingi. Karatasi ndiyo iliyotangulia. Lakini karatasi huchanika na kupotea.

Huko ilikotoka, msomaji wa kwanza wa bangili mara nyingi ni mhudumu wa gari la wagonjwa aliyefundishwa kukagua mkono na shingo ya mgonjwa. Kijijini hali ni tofauti. Anayeanguka shambani au barabarani huokotwa na jirani, dereva wa bodaboda, mwalimu au mwenye duka. Ni hao wanaoamua kama atapelekwa zahanati sasa hivi, atapepewa kwa kanga, au ataachwa. Tabibu huja wa pili. Kwa hiyo bangili zinazouzwa zikiwa tayari zimechongwa maneno ya Kiingereza hazifai sana hapa, hata ziwe nzuri namna gani, kwa kuwa msomaji wa kwanza huenda asielewe lolote. Neno la kwanza na liwe la Kiswahili, kwa herufi kubwa: KISUKARI, KIFAFA, SELIMUNDU, PUMU. Jina la dawa au la kitabibu laweza kuandikwa upande wa nyuma kwa ajili ya mtaalamu.

Alama nayo ina mambo yake. Bangili nyingi za kigeni huwa na nyoka aliyejizungusha kwenye fimbo, alama ya utabibu iliyotoka kwa Wagiriki wa kale. Katika Usukuma, ambako wacheza nyoka wa jamii ya Bayeye wanajulikana tangu enzi za mababu, mtazamaji aweza kuiona alama hiyo akafikiri mambo mengine kabisa, akaogopa hata kuigusa. Wala msalaba mwekundu haufai kuwekwa badala yake. Alama hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 na haitumiwi na mtu binafsi. Neno DHARURA likitangulia jina la ugonjwa linatosha.

Kuhusu maandishi yenyewe, kibati cha bangili hakizidi sana upana wa kidole gumba. Hubeba mistari mitatu au minne mifupi. Mstari wa kwanza ni ugonjwa. Wa pili ni jambo moja ambalo msaidizi akilijua atatenda tofauti. Wa tatu ni namba ya simu ya ndugu anayepokea simu, wala si lazima awe mkubwa wa ukoo. Kwa mwenye kisukari, mstari wa pili ni NATUMIA INSULINI. Kwa mtu ambaye mwili wake unakataa penisilini, SICHOMWI PENISILINI. Kwa mwenye himofilia, yaani ugonjwa wa damu kutoganda, ni katazo la kuchomwa sindano ya msuli, maana sindano ya kawaida yaweza kumletea damu kuvilia ndani ya nyama. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa mfano wafarini, aandike jina la dawa hiyo, kwa kuwa akipigwa kichwa katika ajali aweza kuvuja damu ndani ya fuvu huku jeraha la nje likionekana dogo.

Selimundu unastahili kuzungumzwa kwa urefu zaidi, kwa sababu ni ugonjwa wa kwetu. Utafiti ulioshirikisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando, Mwanza, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, ulipima sampuli za damu zaidi ya 17,000 za watoto wachanga kutoka mikoa ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Ulionyesha kuwa takriban mtoto mmoja kati ya watano hubeba kinasaba cha selimundu, na kwamba zaidi kidogo ya mtoto mmoja katika kila 100 ana ugonjwa wenyewe. Mtoto mwenye selimundu aweza kuonekana mzima asubuhi na jioni akawa taabani. Wengu wake, kiungo kinachosaidia kupambana na vijidudu, huharibika mapema, hivyo homa ambayo kwa mtoto mwingine ingesubiri hadi kesho, kwake ni dharura ya saa hiyo hiyo. Mwalimu wa zamu asiyelijua hilo atamwambia mtoto akalale darasani. Kwa mtoto huyu, maneno ya kuchongwa ni: SELIMUNDU. HOMA NI DHARURA.

Hapa yafaa kutenganisha vitu viwili vinavyochanganywa. Anayebeba kinasaba kimoja tu, aliyekirithi kwa mzazi mmoja, kwa kawaida si mgonjwa na hahitaji bangili. Habari hiyo humfaa zaidi anapopanga kuoa au kuolewa. Bangili ni ya yule aliyerithi kwa wazazi wote wawili na anayehudhuria kliniki.

Kuna mambo ambayo watu hupenda kuyachonga bila faida. Kundi la damu ni mojawapo. Hospitali haimwongezei mtu damu kwa kuamini maandishi ya bangili. Hupima kundi na kulinganisha damu kabla ya kuiongeza. Nafasi hiyo ni bora ipewe namba ya simu. Orodha ndefu ya dawa nayo haina mahali pake kwenye chuma, kwa kuwa dawa hubadilishwa na chuma hakifutiki. Iwekwe kwenye kadi.

Yako pia mambo yasiyopaswa kuonekana na kila mpita njia. Hali ya maambukizi ya VVU ni siri ya mgonjwa, inayolindwa na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, na hakuna sababu ya kuivaa mkononi. Msaidizi wa njiani hawezi kufanya lolote la tofauti kwa kuijua, na tabibu atapata habari hiyo kliniki. Taarifa za afya kwa jumla huhesabiwa kuwa taarifa nyeti katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo hakuna mwajiri, mwalimu wala kiongozi wa kijiji mwenye haki ya kumlazimisha mtu avae bangili yenye jina la ugonjwa wake. Uamuzi ni wa mgonjwa, na kwa mtoto mdogo ni wa mzazi au mlezi.

Uamuzi huo si mwepesi kwa kila mtu. Familia yenye binti mwenye kifafa huona jinsi bangili ingemlinda anapoteka maji au anapopika, kwa kuwa kuanguka motoni na majini ndiko kunakowadhuru sana wenye ugonjwa huo. Familia hiyo hiyo huhofu kwamba wachumba watalisoma neno hilo, na mazungumzo ya mahari yatakufa kabla hayajaanza. Hofu hiyo haifai kudharauliwa. Wanaoidharau hawajaishi nayo. Njia ya kati ipo. Kidani kilichovaliwa ndani ya nguo huonekana tu pale mtu anapofunguliwa kola ili apumue. Bangili yenye kibati kinachogeuka huweka maandishi upande wa ngozi. Msaidizi atachelewa kidogo kuyaona, na hiyo ndiyo gharama ya usiri. Kila familia itapima yenyewe.

Wanaoyasoma maandishi hayo nao wana wajibu. Povu la mwenye kifafa haliambukizi ugonjwa huo, na imani ya kwamba linaambukiza imewaacha wengi bila wa kuwagusa. Anayeanguka kwa degedege aondolewe karibu na moto au maji, awekewe nguo laini chini ya kichwa, na mtikisiko ukitulia alazwe ubavu. Asitiwe kijiko wala kidole mdomoni. Degedege likipita dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, apelekwe kituo cha afya mara moja. Mwenye kisukari anayeweza kumeza apewe kinywaji chenye sukari. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe chochote, kwani kitaingia kwenye mapafu. Akimbizwe.

Kuhusu malighafi, chuma kisichoshika kutu ndicho kinachovumilia zaidi jasho, vumbi na maji ya kufulia. Shaba hugeuka rangi na kuchafua ngozi. Vitu vya bei nafuu vilivyopakwa rangi ya dhahabu au fedha mara nyingi huwa na nikeli, madini yanayowasha ngozi ya baadhi ya watu, na rangi ikibanduka maandishi huondoka nayo. Maandishi na yachongwe, yasichorwe kwa wino. Mtu anayeshika plau nyuma ya maksai, au anayefanya kazi karibu na mashine ya kusaga, achague mkanda wa ngozi au wa mpira unaokatika ukinaswa, maana mnyororo mgumu waweza kuondoka na mkono. Kidani nacho kiwe na kifungo kinachoachia kikivutwa, hasa kwa mtoto. Bangili ya mtoto ikaguliwe kila anapopelekwa kliniki: mkono hukua, na kidole kimoja cha mama kipite bila taabu kati ya bangili na ngozi.

Mikono mingi katika vijiji hivi tayari ina vitu: bangili za shaba, shanga, nyuzi na hirizi. Tabibu mwenye haraka aweza kuipita bangili ya ugonjwa akidhani ni mojawapo ya hizo. Basi ivaliwe peke yake, mkono usio na pambo jingine. Isichanganywe pia na bangili za sumaku zinazouzwa minadani kwa madai kwamba zinashusha shinikizo la damu au kuondoa kisukari. Hizo haziponyi, na aliyeacha dawa kwa kuzitegemea amejiweka hatarini.

Asiye na uwezo wa kununua chuma hajapoteza nafasi. Kadi ndogo iliyoandikwa kwa mkono unaosomeka, ikafunikwa kwa nailoni katika duka la steshenari, hufanya kazi ile ile ikitunzwa pamoja na kitambulisho cha taifa, ambacho chenyewe hakionyeshi ugonjwa wowote. Kasoro yake ni kwamba mfuko au mkoba huweza kubaki nyumbani, au kuibwa pale pale mtu alipoanguka. Simu husaidia kwa kiasi. Simu janja nyingi zina sehemu ya taarifa za dharura inayosomeka bila nywila, na katika simu ya kitochi isiyofungwa jina DHARURA laweza kuhifadhiwa pamoja na namba ya ndugu. Simu iliyoisha chaji, hata hivyo, haisemi kitu.

Kabla ya kumlipa fundi sonara au mchonga mihuri, mjini Bariadi au kwingineko, mgonjwa apeleke maneno anayokusudia kuyachonga kwa mtaalamu wa kliniki anakotibiwa, pamoja na kadi yake. Wapo waliojiita wagonjwa wa pumu au wa mzio kwa kusikia tu, bila kupimwa, na bangili yenye uongo humpotosha tabibu kuliko mkono mtupu. Maneno yakishathibitishwa yaandikwe kwenye karatasi kwa herufi kubwa na fundi ayanakili hivyo hivyo, kisha mwenye bangili aipige mwenyewe namba iliyochongwa, akiwa bado dukani, ahakikishe inaita simu ya ndugu aliyemkusudia.