KIPIMO CHA AKILI: MTOTO HASOMWI KWA NAMBA MOJA

Safari hii tuzungumze juu ya kipimo cha akili cha mtoto mdogo. Vipimo hivi si vingi huku kwetu. Hata hivyo, mzazi wa Msimbati au Kitaya anaweza siku moja kuambiwa ampeleke mtoto akapimwe, hasa mtoto aliyechelewa kusema au anayeshindwa masomo ya darasa la kwanza. Mzazi hurudi na karatasi yenye namba. Jirani anauliza, "Amepata ngapi?" Mzazi anataja namba moja. Kabla jua halijatua, kijiji kizima kinasema mtoto yule hana akili. Pengine hata shule anaachishwa.

Kwanza tukijue kipimo chenyewe. Kimoja kinachotumika sana duniani kilitungwa na David Wechsler wa Marekani, kikatolewa mwaka 1967. Kimerekebishwa mara kadhaa. Siku hizi hupima watoto tangu miaka 2 na nusu hadi miaka 7 na miezi kadhaa. Mtoto haandiki mtihani. Hukaa na mpimaji, akaulizwa maana za maneno, akapanga vibao vya rangi, akakumbuka picha alizoonyeshwa. Namba 100 ndiyo ya katikati. Katika kila watoto 100, kama 68 hupata kati ya 85 na 115.

Namba ya jumla ni kama uzito wa gunia la korosho. Mizani inasema kilo 80. Je, inasema korosho ngapi ni nzima na ngapi zimeoza? Haisemi. Lazima gunia lifunguliwe. Kwa kipimo cha akili, kufungua gunia ni kusoma alama za sehemu: maneno, maumbo, kufikiri, kumbukumbu na wepesi. Tena ziko alama za nyongeza. Hizo hupatikana kwa kuzikusanya kazi zilezile kwa namna nyingine. Moja ya alama hizo inatuhusu sana sisi, nayo ni alama ya kazi ambazo mtoto hazijibu kwa kusema.

Tuseme yuko mtoto wa kike wa miaka 6. Nyumbani kwao wanasema Kimakonde. Mpimaji anamwuliza kwa Kiswahili. Maneno anapata 68. Maumbo anapata 99, kumbukumbu 95. Alama ya kazi zisizo za kusema ni 97. Namba ya jumla inakuwa 82. Nani atasema mtoto huyu hana akili? Anapanga vibao kama wenzake, anakumbuka kama wenzake. Kilichoanguka ni maneno tu.

Kwa nini maneno? Namba haijibu swali hilo. Huenda Kiswahili bado hajakizoea. Huenda pia hasikii vizuri, na hili wazazi wengi hulipita. Masikio yanayotoka usaha mara kwa mara huharibu usikivu, na mtoto asiyesikia hujifunza maneno polepole. Msimamie nyuma, umwite kwa sauti ndogo. Asipogeuka, mpeleke zahanati. Mganga akiona inafaa atakuandikia uende Hospitali ya Ligula, Mtwara mjini. Mweleze pia kama mtoto aliwahi kuugua malaria kali, akapata degedege au kuzimia. Ugonjwa huo unaweza kuacha madhara katika ubongo.

Tofauti ndogo zisikuhangaishe. Mtoto aliyepata 94 hapa na 97 pale yuko palepale. Njaa, usingizi, au woga wa mtu mgeni hutosha kupunguza alama kadhaa.

Liko na jambo la mazoea. Mwaka 1979 mtaalamu Robert Serpell alitoa habari za watoto wa Zambia na wa Uingereza waliopewa kazi ya kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza walishinda. Kwa waya, Wazambia walishinda, maana wamezoea kutengeneza magari ya waya. Kwa udongo wa kufinyanga walikuwa sawasawa. Mtoto wa pwani yetu anayechonga ngalawa ya kuchezea huenda hajawahi kushika vibao vya rangi. Na huko Bagamoyo, wachunguzi waliotoa matokeo yao mwaka 2002 waliwapima watoto wa shule, wakawafundisha kwa muda mfupi namna ya kuzifanya kazi zile, wakawapima tena. Alama zilipanda.

Wako watoto ambao alama zao ni za chini katika kila sehemu, na nyumbani pia wanashindwa mambo ambayo wa rika lao wanayaweza: kuvaa, kula wenyewe, kutumwa dukani, kucheza na wenzao. Yote mawili yakiwapo, mtoto ana ulemavu wa akili na anahitaji msaada mapema. Asifichwe ndani. Mwalimu mkuu aulizwe shule ipi ina kitengo cha watoto kama hao.

Siku ya majibu, mwulize mpimaji mambo matatu. Mtoto alipimwa kwa lugha gani? Sehemu ipi iko juu na ipi iko chini? Je, masikio na macho yake yalitazamwa kabla ya kupimwa?