Mzazi, filimbi ya nyumbani iko mkononi mwako

Tarime/Serengeti. Dakika zimebaki chache, matokeo ni sare. Beki wa timu mwenyeji anaunawa mpira ndani ya eneo la hatari, na mwalimu anayechezesha anapuliza filimbi. Penalti. Pembeni wazazi wanacharuka: refa gani huyu asiyewaonea huruma watoto wa kwao?

Walimu wanaochezesha mechi za shule wanaijua kelele hiyo. Wachezaji ni watoto wa majirani, na kesho refa atakutana na baba zao mnadani. Lakini akipeta leo, kesho hakuna atakayeiheshimu filimbi yake.

Kosa ni lilelile

Refa mzuri huanza kazi kabla ya mpira kuanza. Huwaeleza manahodha asichokivumilia, kisha hukimbia karibu na mpira ili aone mwenyewe. Akiona kosa hupuliza mara moja, kwa nguvu, na kuonyesha uamuzi kwa mkono. Hatoi hotuba.

Rafu ya dakika ya kwanza iwe rafu pia dakika ya mwisho, kwa timu zote mbili. Rafu inayoachwa huzaa ya kulipiza kisasi, na hapo ndipo watoto huumizana.

Kujiamini si ubishi. Sheria namba 5 ya soka inamruhusu refa kubadili uamuzi akigundua amekosea, mradi mchezo haujaanza tena. Anabadili kwa sababu ya alichokiona au alichoambiwa na msaidizi wake, si kwa sababu ya kelele za jukwaani. Jonesia Rukyaa wa Kagera, ng'ambo ya Ziwa Victoria, alichezesha Simba na Yanga Februari 2016. Mechi kama hiyo haichezeshwi kwa kusikiliza mashabiki.

Juni hapana, Novemba 'tutaona'

Mtoto akirudi nyumbani, refa ni mzazi. Ukimkataza jambo leo, kesho ukaruhusu kwa sababu bibi yake amelalamika, anajifunza kuwa sheria ni ya mwenye sauti kubwa.

Tarime na Serengeti, somo hilo linagusa mwili wa binti. Ukeketaji miongoni mwa Wakurya hufanyika zaidi Desemba, hasa miaka inayogawanyika kwa mbili. Msimu ukikaribia kelele hupanda: shangazi anakumbusha mila, wengine wanataja mahari, binti anatishwa kuwa ataitwa msagane. Mzazi aliyesema hapana Juni, Novemba anasema "tutaona".

Sheria haina msimu. Tangu mwaka 1998, anayesababisha kukeketwa kwa msichana wa chini ya miaka 18 aliye chini ya uangalizi wake anakabiliwa na kifungo cha miaka 5 hadi 15, faini isiyozidi Sh300,000, au vyote viwili. Madhara nayo ni yaleyale kila mwaka: kuvuja damu kunakoweza kuua, maambukizi, na matatizo wakati wa kujifungua.

Fanya hivi

Tangaza msimamo mapema, kabla ya likizo, binti mwenyewe akisikia. Baba na mama mkubaliane kwanza, kwani uwanja wenye marefa wawili wanaopingana hauna refa. Mpe kila ndugu jibu moja, fupi, bila matusi: "Binti yetu hakeketwi." Akirudi na hoja ileile, mpe jibu lilelile. Usimpeleke binti kulala kwa ndugu unayejua hakubaliani nawe.

Shinikizo likigeuka tishio, nenda kwa ofisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto la polisi, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Zipo pia nyumba salama Masanga, wilayani Tarime, na Mugumu, wilayani Serengeti.

Ndugu wanaweza kununa, kama mashabiki wanavyonuna baada ya penalti. Binti aliyesikia jibu lilelile Juni na Desemba anajua wa kumkimbilia.