Je, Wajua? Kaseti, TV za Chogo na Mvua ya Tukuyu

Je, wajua kwamba kompyuta ya kwanza nchini mwetu Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na miaka tisa tu baadaye serikali ikazuia nyingine zisiingie? Katazo la mwaka 1974 liligusa kompyuta na televisheni kwa pamoja, na aliyetaka kuleta mojawapo ilimpasa apate kibali maalumu. Mpenzi wa mashine za kale aliyeko Tukuyu, Kiwira au Katumba aanzie hapo. Katazo hilo ndilo linaloeleza kwa nini hazina ya kwetu haifanani na ya mkusanyaji wa London au Tokyo. Ina sura yake, na hakuna sababu ya kuionea haya.

Kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 kwa kawaida ziliuzwa bila kioo. ZX Spectrum ya Uingereza na Commodore 64 ya Marekani, zote za mwaka 1982, zilichomekwa kwenye televisheni ya sebuleni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini bara tulisubiri hadi vituo binafsi vilipoanza mwaka 1994, ITV kikiwa kimojawapo. Kwa hiyo mwaka 1986, timu yetu ya soka ya Tukuyu Stars walipopanda daraja na kutwaa ubingwa wa nchi msimu uleule wa kwanza, shabiki wa wilaya yetu ya Rungwe asiyefika uwanjani alitegea sikio redio. Huko Uingereza kijana wa rika lake alikuwa amekaa mbele ya televisheni akiandika programu.

Je, wajua kwamba programu za kompyuta ziliwahi kurushwa redioni? Spectrum na wenzake walihifadhi programu kwenye kanda za kawaida za redio kaseti. Kanda ikizungushwa hutoa mlio wa kukwaruza, na kujaza kilobaiti 48 huchukua kama dakika tano. Kwa kuwa programu ni sauti, mtangazaji anaweza kuirusha na msikilizaji akairekodi. Uholanzi walifanya hivyo, na Yugoslavia wakafanya kwa namna inayotuhusu zaidi. Nao walikuwa na vikwazo vya kuingiza kompyuta kutoka nje. Mhandisi wao, Voja Antonić, akabuni kompyuta rahisi iitwayo Galaksija, michoro yake ikachapishwa jaridani, na maelfu ya wasomaji wakanunua vipuri na kuiunganisha wenyewe nyumbani kwa moto wa kulehemu. Kipindi cha redio cha Belgrade kiitwacho Ventilator 202 kikawa kinawarushia programu hewani.

Habari hiyo inanigusa kuliko zote zilizomo humu. Redio ilikuwa darasa la taifa letu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya wanavijiji katika vikundi vya kusikiliza na kujadili. Mitambo ya Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwepo, redio kaseti zilikuwepo, na mafundi wa kulehemu walikuwepo. Kilichokosekana ni kiboksi cha kompyuta tu.

Je, wajua kwamba nyingi ya zile "Nintendo" za bei nafuu zilizoingia kwetu baadaye hazikutengenezwa na Nintendo? Zilikuwa nakala za Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani tarehe 15 Julai 1983, zikiundwa na viwanda vya Taiwan na China. Nyingine zilivalishwa gamba la kufanana na Sega au PlayStation, lakini ndani ni Famicom ileile. Wakusanyaji wa nje waliwahi kuzidharau, na sasa wapo wanaozitafuta kwa udi na uvumba. Ukiona moja kwa fundi redio, usiipite.

Kaseti ya gemu inayojitangaza kuwa na gemu 999,999 huwa na chache tu ndani. Zinazobaki ni zilezile zilizorudiwa kwa majina mengine, au zinazoanzia hatua ya mbele.

Kaseti ya Famicom ina pini 60, na ya Nintendo iliyouzwa Marekani na Ulaya ina pini 72. Kwa hiyo kaseti uliyoipata sokoni Mwanjelwa haitaingia kwenye mashine ambayo ndugu yako ametuma kutoka Uingereza, mpaka upate kipande cha kuziunganisha.

Je, wajua kwamba Super Mario Bros. ya mwaka 1985, pamoja na ngome na muziki wake, ilitoshea kilobaiti 40? Picha moja ya simu ya leo huwa kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Walibana hadi wingu na kichaka vikawa mchoro mmoja, kimoja cheupe na kingine kijani. Angalia vizuri siku ukiicheza.

Je, wajua kwamba kaseti ya gemu inayochomolewa na kubadilishwa ina jina la Mmarekani mweusi nyuma yake? Jerry Lawson, mhandisi wa Fairchild, aliongoza timu iliyotoa Channel F mwaka 1976, mashine ya kwanza ya nyumbani yenye kaseti za namna hiyo. Kabla yake ulicheza kilichozaliwa na mashine, basi.

TV ya chogo je? Watu wanaitupa, wakati bunduki ya kuwindia bata katika gemu ya Duck Hunt haifanyi kazi bila hiyo. Ukivuta kifyatulio, kioo hugeuka cheusi kwa muda mfupi usiotambulika kwa jicho, kisha penye bata panatokea mraba mweupe. Mdomoni mwa bunduki kuna kihisi mwanga. Kikiona weupe kwa wakati uliopangwa, bata amekufa. Televisheni bapa huchelewa kuionyesha picha, na bunduki inakosa hata ukiigusisha kwenye kioo. Matangazo ya analojia yalipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, wengi walidhani TV za chogo zimekwisha kazi. Ving'amuzi vikaziongezea maisha kupitia zile tundu za njano, nyeupe na nyekundu, na gemu za zamani huingilia palepale.

Ila usiifungue mwenyewe. Ikiwaka, ndani yake hupita umeme wa maelfu ya volti, na sehemu ya umeme huo hubaki hata ukiwa umechomoa waya. Mwachie fundi wa TV.

Mashine halisi ya Japani hutaka volti 100, na ukuta wa nyumba yako una 230. Tafuta adapta yake kabla ya kuchomeka, maana nafasi ya pili haipo.

Je, wajua kwamba Sonic wa Sega, aliyetoka mwaka 1991 akisifiwa kwa mbio, alikimbia polepole zaidi Ulaya kuliko Japani? Televisheni za Japani zilichora picha 60 kwa sekunde. Mfumo wa PAL, tulioutumia na sisi, ulichora 50. Gemu iliyohamishwa bila marekebisho ilipungua mwendo kwa karibu asilimia 17, na muziki wake ukavuta.

Sasa PlayStation, kwa kuwa kwa vijana wengi wa Tanzania gemu ya zamani maana yake ni hiyo. Kumbuka walivyokuwa wakiipindua ile ya kwanza kichwa chini ili isome CD. Hawakuwa wakibahatisha. Katika matoleo ya awali, kitoroli cha plastiki kinachobeba lenzi kililika upande mmoja kwa joto na msuguano, lenzi ikainama, na kuigeuza mashine kuliirudisha karibu na mahali pake. Vijana wa nchi nyingi waligundua dawa hiyo bila kufundishwa. Na CD zake nyeusi? Weusi ule haukuzuia kunakili hata kidogo. Kinga ilikuwa mawimbi madogo sana kwenye mfereji wa diski, ambayo mashine za kawaida za kurekodia CD hazikuweza kuyaiga. Ndiyo maana mafundi walichomelea chipu ya ziada ya kuidanganya mashine kwamba imeyaona.

PlayStation 2 ilizaliwa Japani Machi 2000 na kuuzwa zaidi ya milioni 150, kuliko mashine nyingine yoyote ya gemu kabla yake. Iliwapita wenzake wa rika lake kwa sababu pia ilicheza DVD, hivyo mzazi aliyekataa gemu aliikubali kwa ajili ya filamu. Na gemu inayohesabiwa kuwa ya mwisho kutolewa kwa ajili yake ilikuwa ya mpira, Pro Evolution Soccer 2014, iliyotoka Novemba 2013. Vibanda vya gemu havikuhitaji kuambiwa kwa nini.

Kazi kwa anayekusanya: gemu hizo za mpira hukuruhusu kubadili majina ya wachezaji, jezi na timu, na kadi ya kumbukumbu ya megabaiti 8 huhifadhi yote. Keti na mzee anayewakumbuka Tukuyu Stars wa 1986, umsikilize, uijaze timu nzima, kisha uipeleke dimbani dhidi ya Brazili.

Je, wajua kwamba karata za kwenye kompyuta za ofisini ziliwekwa pia ili kufundisha? Zilikuja na Windows 3.0 mwaka 1990, zimeandikwa na mwanafunzi wa mafunzo kazini, Wes Cherry, wakati watu wengi hawajawahi kushika kipanya. Kuiburuta karata na kuiachia kulikuwa zoezi la mkono.

Mavis Beacon naye hakuwahi kuwepo. Mwalimu huyo wa kuchapa wa tangu mwaka 1987, aliyefunza vidole vya watu wengi katika vyuo vya kompyuta, ni jina la kubuni. Sura ya kwenye boksi ni ya Renée L'Espérance, mzaliwa wa Haiti.

Ukikuta CD ya Jambo OpenOffice katika stoo ya shule, itunze kama cheti cha ndoa. Ni programu ya ofisi iliyosema Kiswahili, iliyotoka mwaka 2004 kwa kazi ya watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi. Hiyo ni historia yetu hasa, wala haiko kwenye rafu za wakusanyaji wa Ulaya.

Je, wajua kwamba Zanzibar iliwahi kuhamishiwa Asia ya Kati? Gemu ya Metal Gear 2: Solid Snake, iliyotoka Japani mwaka 1990 kwa kompyuta za nyumbani za MSX2, inatokea katika nchi ya kubuni iitwayo Zanzibar Land, karibu na Afghanistan. Halo 2 ya mwaka 2004 angalau ilikumbuka ramani: sehemu yake inapiganwa New Mombasa, pwani ya Kenya, miaka zaidi ya mia tano ijayo.

Na hili kwa wanakwaya wa Rungwe, nchi ambako Wamoravian wamekuwepo tangu 1891: wimbo wa kwanza wa gemu kushinda tuzo ya Grammy umeimbwa kwa Kiswahili. Ni Baba Yetu, Sala ya Bwana iliyotiwa muziki na Christopher Tin kwa ajili ya Civilization IV ya mwaka 2005. Tuzo ilikuja mwaka 2011. Sijui kwaya gani yetu haiwezi kuuimba, na ningependa kuusikia ukiimbwa hapa, chini ya Mlima Rungwe.

Gemu ya nyoka ya kwenye simu iliandikwa na Taneli Armanto wa Ufini kwa ajili ya Nokia 6110, mwaka 1997. Wawili waliweza kucheza pamoja kwa kuelekezeana simu.

Je, wajua kwamba simu janja ya mchuma chai wa Katumba ina damu ya kompyuta ya shule za Uingereza? Kampuni ya Acorn ya Cambridge, iliyotengeneza BBC Micro mwaka 1981, ilitaka chipu bora kwa mashine zake zijazo. Sophie Wilson na Steve Furber wakabuni ARM, na ya kwanza ikafika mwaka 1985. Walipoipima umeme, mita ilisoma sifuri. Kumbe njia ya umeme haikuwa imeunganishwa, na chipu ilikuwa ikifanya kazi kwa umeme kidogo uliovuja kutoka saketi za jirani. Ubahili huo ndio uliozipeleka chipu za ukoo wake katika karibu kila simu janja duniani.

Mwisho ni mvua, adui mkubwa wa mkusanyaji wa hapa. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, takriban mara mbili ya Dar es Salaam, na ukungu hukaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga. Unyevu huotesha kuvu kwenye kanda na lenzi, na huzaa kutu ya kijani kwenye shaba. Usiweke mashine sakafuni wala kuigusisha ukuta. Tumia ndoo au boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, na utupie humo vile vipakiti vya chembe vinavyokuja na viatu vipya. Iwashe mashine mara kwa mara, maana joto lake lenyewe huikausha. Kupuliza kaseti kuache kabisa: mate huongeza kutu, na kilichokuwa kikisaidia ni kule kuichomoa na kuichomeka upya. Pamba yenye spiriti safi isiyo na mafuta inatosha kuisafisha.

Haraka ipo. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena kwa njia halali ya kununua dukani. Kwetu mnunuzi wa vyuma chakavu hupita mtaani kila mara na mizani yake.

Kaseti zinazokumbuka ulipofikia, kama ya The Legend of Zelda, zina betri ndani, aina ya CR2032, ileile ya saa na rimoti za magari. Nyingi zina zaidi ya miaka thelathini sasa. Fundi anaweza kuitoa na kuchomelea kishikio, ili siku nyingine ubadilishe mwenyewe kwa vidole. Ila akiitoa, kilichohifadhiwa humo kinafutika, kwa hiyo kama ni mchezo wa marehemu kaka yako, uchomeke kwanza na uupige picha.